Zimwi la Maji Lenye Meno ya Mgunga

Nsemulwa ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, na mtu akitaka kuiona Bahari ya Hindi kutoka huko sharti aikate nchi kutoka magharibi hadi mashariki. Hata hivyo, kwa kijana au mwalimu anayetaka kutengeneza kwa mikono yake sanamu ya zimwi la majini, ni miji michache ya Tanzania iliyozungukwa na mifano hai kama Mpanda. Magharibi yake lipo Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, ambalo duniani linazidiwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Kusini, pale Sitalike, inaanza Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Humo kiangazi kinapokolea, viboko hubanana kwenye madimbwi yaliyosalia ya Mto Katuma, na mamba hujificha kwenye mashimo ya kingo za mto kungoja mvua.

Huo ndio mtaji wa kazi hii, na ni mtaji unaopuuzwa. Wengi wanaoanza hukimbilia joka la kwenye filamu: mabawa ya popo, pembe mbili, moto mdomoni. Sanamu inayotoka hapo kila mtu ameshaiona, na haimtishi hata mtoto wa chekechea. Zimwi hutisha pale mtazamaji anapotambua kiungo kimojakimoja lakini akashindwa kulitambua zima. Taya analijua, ni la mamba. Sharubu anazijua, ni za kambale. Mnyama mwenye vyote viwili ndiye hajawahi kumwona, na hapo ndipo anaporudi nyuma hatua moja.

Watu wa ukanda huu walilijua hilo zamani. Huko pwani, chunusi, anayesemwa kuwavuta chini waogeleaji, hana umbo moja lililokubaliwa na wote, kwa hiyo msanii yuko huru kumvika mwili autakao. Kwenye bonde la Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe, Watonga wana Nyaminyami, mwenye mwili wa nyoka na kichwa cha samaki. Bwawa la Kariba lilipokuwa likijengwa, mafuriko ya 1957 na 1958 yaliharibu kazi ya wajenzi, na wenyeji wakasema Nyaminyami amekasirika. Leo umbo lake linachongwa kwenye fimbo na vidani vinavyouzwa kwa wageni. Wanyama wawili tu wameunganishwa, basi, na limepatikana zimwi linalotambulika hata na wageni. Anayeanza asizidishe watatu.

Katavi kwenyewe kuna jina la kuheshimiwa. Hifadhi imepewa jina la Katabi, mzimu ambao katika masimulizi ya Wabende hukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu huacha sadaka kwenye mti huo. Msanii asimgeuze Katabi kuwa mwanasesere wa kuuza stendi. Kama anataka kugusa simulizi la aina hiyo, aanze kwa wazee wenye nalo, aombe, asikilize, na akikataliwa akubali. Wanyama wa kawaida wa maji wanatosha kumpa kazi ya miaka mingi.

Mmoja wao aliishi kwenye ziwa hilohilo la Tanganyika. Upande wa Burundi, karibu na mdomo wa Mto Ruzizi, mamba aliyepewa jina la Gustave alivuma kwa kuua watu hata Mfaransa Patrice Faye akamfuatilia kwa miaka. Urefu wake ulikadiriwa kuzidi mita 6, ingawa hakuwahi kukamatwa na kupimwa. Watu walimtambua kwa kovu jeusi utosini. Mtengeneza sanamu achukue somo hapo: kovu moja lililowekwa mahali pake humpa zimwi historia. Makovu kumi humfanya aonekane ameungua.

Mwingine ni silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi Desemba 1938 alipovuliwa Afrika Kusini na kugunduliwa na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London. Tangu 2003 wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakimnasa kwenye majarife yanayotegwa kina kirefu, hasa Tanga, ambako 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mwili wake ni wa buluu iliyofifia na mabaka meupe yasiyolingana, magamba ni mazito, na mapezi yake yametoka kwenye mashina ya nyama. Anayetaka zimwi la bahari hasa, si la ziwa, aazime mapezi hayo. Yakiwekwa kwenye mwili wowote, mtazamaji huhisi kwamba kiumbe huyo angeweza kutoka majini akatembea.

Kutazama ndiko nusu ya kazi. Sitalike, viboko huonekana kutoka darajani, na hapo mtu anaweza kusimama salama na daftari lake. Asishuke mtoni, na asisogee ukingoni hata kama maji yametulia. Kwa kiboko atazame jinsi tundu za pua, macho na masikio vilivyopangwa juu ya kichwa, ili mnyama aone, apumue na asikie huku mwili mzima ukiwa umezama. Mamba naye yuko hivyo hivyo. Zimwi lolote la maji linalowekwa macho ubavuni kabisa mwa kichwa huonekana samaki. Likiwekwa macho juu, linakuwa mwindaji anayevizia. Kwa mamba atazame pia jino la nne la taya la chini, linaloonekana nje hata mdomo ukiwa umefungwa, na magamba yaliyosimama mkiani: huanza safu mbili, kisha kuelekea ncha zikaungana kuwa safu moja. Maelezo madogo kama haya hayawezi kubuniwa mezani.

Sokoni kuna shule nyingine. Kambale mzima mwenye kichwa chake, akinunuliwa asubuhi kabla ya kupikwa mchana, hufundisha mengi kuliko picha ya kwenye simu. Ana sharubu nane, jozi nne, na hazilingani urefu. Kichwa ni bapa na kigumu, macho ni madogo mno kwa kichwa chenyewe, na ngozi haina gamba hata moja. Mgebuka wa Tanganyika ni kinyume chake: mwembamba, wa kifedha, mdomo umechongoka. Msanii awachore wote wawili kwa penseli, kisha apitishe kidole kwenye ngozi ili ajue ni wapi pana utelezi na wapi pana mkwaruzo. Baadaye, wakati wa rangi, kumbukumbu hiyo ya kidole itamwambia wapi pang'ae na wapi pafifie.

Baada ya kutazama, achague. Mfano utakaofuatwa hapa ni wa zimwi lenye urefu wa sentimita 60 hivi: kichwa kipana cha kambale, taya na mkia wa mamba, mapezi manne ya silikanti. Mchoro wake uwe wa ukubwa uleule wa sanamu, kwenye karatasi ya mfuko wa saruji uliopasuliwa na kutandazwa chini. Uchorwe mara mbili, kwa ubavu na kwa juu. Wanaochora ubavu peke yake hugundua wamechelewa kwamba hawajui bega lina upana gani.

Sasa swali la malighafi. Udongo wa mfinyanzi ndio wa kwanza kufikiriwa, na ni mzuri, lakini una masharti yasiyosamehe. Unasinyaa unapokauka, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, kwa hiyo ukiwekewa mifupa ya waya ndani utapasuka pale unapoibana. Sehemu nene kuliko sentimita 2 au 3 hubaki na unyevu katikati, na tanurini unyevu huo hugeuka mvuke na kuipasua sanamu vipandevipande. Anayetumia udongo lazima aukande mpaka hewa itoke, auchanganye na vigae vya vyungu vilivyosagwa au mchanga mwembamba ili kupunguza kusinyaa, afinyange mwili ukiwa mtupu ndani na tundu la kutolea hewa, aunganishe viungo kwa kukwaruza pande zote mbili na kupaka tope laini, kisha akaushe kivulini wiki moja hadi mbili kabla ya moto. Wafinyanzi wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu vyembamba vinavyosifika kote kusini, na anayetaka kuingia kwenye udongo kwa dhati akae na mfinyanzi wa aina hiyo kabla ya kujaribu joka. Shingo ndefu na sharubu nyembamba ni mtihani mgumu kwa udongo hata mikononi mwa fundi.

Kwa anayeanza, karatasi ndiyo njia. Ni nyepesi, haihitaji tanuri, inakubali mifupa ya waya, na ikikosewa inakatwa kwa kisu na kuzibwa. Wapo wanaoidharau kwa kuiona kazi ya shule ya msingi. Wanakosea: karatasi iliyojengwa kwa tabaka nyingi na gundi nzuri hukauka ikawa ngumu kiasi cha kupigwa msasa kama mbao, na hudumu miaka ikiwekwa mbali na mvua na mchwa.

Mifupa huanza na waya mnene mmoja kutoka puani hadi ncha ya mkia. Waya wa kufungia nondo ni laini mno peke yake, kwa hiyo nyuzi tatu au nne zisokotwe pamoja kwa plaizi. Hapa ndipo mkao wa zimwi unapoamuliwa, na ni hapa ambapo msanii anatakiwa kuwa na ujasiri. Mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa, aliyeanzisha mtindo wa shetani Dar es Salaam katika miaka ya 1950 akipewa moyo na mfanyabiashara Mohamed Peera, alivunja desturi ya kuchonga mwili uliosimama wima na uliolingana pande zote. Viumbe wa mtindo huo hupinda, hujinyonga, huwa na jicho moja au sikio refu kupita kiasi, na bado mtazamaji anaamini kwamba wana uzito na wanapumua. Waya ulionyooka huzaa samaki aliyekufa. Upindwe, basi, mara mbili mwilini na mara moja shingoni, kichwa kikigeukia upande tofauti na mkia, kisha sanamu iguse ubao wa chini kwenye sehemu tatu ili isiyumbe. Miguu ya waya ipite kwenye matundu ya ubao na ikunjwe kwa chini.

Juu ya waya hufungwa magazeti yaliyokunjwa na kubanwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli au uzi wa katani, mpaka umbo lifikie karibu robo tatu ya unene wa mwisho. Asifike unene kamili hapa. Tabaka zinazofuata zitaongeza. Sanamu kubwa, ya mita moja na kuendelea, inafaa kufunikwa kwanza kwa wavu wa banda la kuku ili isilegee.

Gundi ya tabaka za kwanza ni uji wa unga: kikombe kimoja cha ngano kwa vikombe vinne vya maji, unakorogwa ungali baridi ili usifanye madonge, kisha unapikwa mpaka uwe mzito na wa kung'aa kidogo. Unga wa muhogo nao unashika vizuri. Karatasi ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa hulala vizuri na hauachi mstari. Ya mfuko wa saruji ni imara kuliko ya gazeti, lakini ikung'utwe na kufutwa vumbi nje ya nyumba, pua imefungwa kitambaa. Tabaka mbili kwa siku zinatosha. Tabaka ya ndani ikifunikwa mbichi huvunda, na harufu yake haitoki tena.

Katavi ina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi kuanzia Mei hadi Oktoba. Anayeweza kuchagua afanye kazi hii Juni au Julai, wakati hewa ni kavu. Anayelazimika kuifanya Januari aweke sanamu juu ya wavu ili hewa ipite chini, na ahesabu muda mara mbili.

Ngozi ya nje ndiyo sehemu yenye raha. Trei za mayai ni karatasi iliyokwisha kusagwa kiwandani, kwa hiyo zinaokoa kazi nusu: zichanwe, zilowekwe usiku kucha, zikorogwe au zitwangwe kinuni, kisha zikamuliwe ndani ya kitambaa mpaka maji yaishe. Vikombe vitatu vya rojo hilo vichanganywe na kikombe kimoja cha gundi ya mbao na kikombe kimoja cha unga wa jipsamu, mpaka vifanane na ugali laini usioshika vidoleni. Achanganye kidogokidogo, kwa kuwa jipsamu huganda haraka. Mchanganyiko huo upakwe unene wa nusu sentimita na kulainishwa kwa mgongo wa kijiko kilicholowa.

Magamba hayachorwi moja moja. Mfuko wa wavu unaofungiwa vitunguu, ukikandamizwa juu ya ngozi ingali mbichi na kuondolewa taratibu, huacha safu za magamba madogo ubavuni kwa dakika chache. Kifuniko cha kalamu kikisukumwa kwa mshazari hutoa gamba kubwa lenye ukingo ulioinuka, zuri kwa mgongo. Ila magamba yasienee mwili mzima. Kichwa kibaki na ngozi ya kambale, laini, yenye mikunjo michache kwenye kona ya mdomo na chini ya koo. Jicho la mtazamaji linahitaji mahali pa kupumzika, na ukubwa wa gamba ubadilike kutoka mgongoni kwenda tumboni kama ilivyo kwa mnyama wa kweli.

Macho ni gololi. Ziingizwe kabla ya kope, nusu yake ikizama kwenye tundu, kisha kope ijengwe juu yake kwa kijipande chembamba cha rojo, ile ya juu ikishuka kidogo kuliko ya chini. Kope iliyoshuka ndiyo inayoleta ukali; jicho lililo wazi lote linaonekana limeshtuka. Sharubu ni waya mwembamba uliovingirishwa uzi na kupakwa gundi. Meno yatoke mgungani: miiba meupe iliyokauka ni migumu, ina ncha, na urefu wake haulingani, sifa tatu anazozitaka mtengeneza zimwi. Kila mwiba utobolewe nafasi kwa spoki ya baiskeli, uchovywe gundi, uingizwe kwa pembe tofauti kidogo na jirani yake.

Hapa pana onyo la kisheria, na kwa mkazi wa Katavi si la kupuuzwa. Jino la kiboko, ngozi au jino la mamba, hata mwiba wa nungunungu uliookotwa njiani, ni nyara. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa na nyara ya serikali bila kibali ni kosa la jinai, na kujitetea kwamba ilikuwa ya kupamba sanamu hakutamsaidia mtu. Miti inatosha.

Kwa mwenye kutaka kwenda mbali zaidi, taya lifanywe lichezeke. Wasukuma, ambao wengi wamehamia Katavi na mifugo yao, wana jadi ya mashindano ya ngoma kati ya vikundi vya Bagika na Bagalu, ambamo wachezaji huvuta umati kwa nyoka, vichekesho na sanamu, nyingine zenye viungo vinavyochezeshwa. Makumbusho ya Bujora, Kisesa karibu na Mwanza, huhifadhi urithi huo, na sherehe ya Bulabo hufanyika huko kila Juni. Wacheza ngoma hao wanajua kwamba kitu kinachojongea kidogo hushinda kikubwa kilichotulia. Kwa zimwi letu, taya la chini litengenezwe peke yake, liunganishwe kwa msumari mwembamba unaopita pande zote mbili, na uzi wa kuvutia upitie kooni hadi chini ya ubao. Kipande cha tyubu kikibandikwa ndani ya kona ya mdomo kitaziba ufa na kulirudisha taya lijifunge.

Sanamu ikikauka kabisa, ipigwe msasa pale tu panapotakiwa ulaini, kisha ipakwe gundi ya mbao iliyopunguzwa maji, pande zote na chini ya ubao pia. Kazi nyingi huharibikia chini: uji wa unga ni chakula cha mende, na mchwa hawahitaji zaidi ya upande mmoja ulioachwa wazi.

Rangi ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu wanataka rangi ya zimwi itoke kwenye kopo. Haitoki. Inajengwa kutoka gizani kwenda kwenye mwanga. Rangi ya kwanza, ya maji, iwe nzito na ipakwe kila mahali, mpaka ndani ya mikunjo: buluu iliyochanganywa na kahawia na tone la nyeusi. Nyeusi tupu iepukwe, kwani huua umbo. Ikikauka, kipande cha sponji ya godoro kichovywe kwenye kijani cha kijivu, kikamuliwe karibu kiishe, kisha kipigwepigwe mgongoni na ubavuni bila mpango. Tumbo lipewe rangi ya krimu iliyochafuka.

Ugiza wa juu na weupe wa chini wa viumbe wa maji si wa urembo. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer alieleza mwaka 1896 kwamba mnyama aliyepakwa hivyo hupoteza umbo machoni, kwa kuwa mwanga wa juu na kivuli cha chini vinasawazishwa na rangi za mwili wake. Ni msaada kwa samaki na hasara kwa sanamu, kwa sababu zimwi lililopakwa hivyo kikamilifu litaonekana bapa rafuni. Dawa yake ni mabaka ya silikanti: madoa meupe yasiyolingana, yanayovuka mpaka kati ya mgongo na tumbo, makubwa ubavuni na madogo kuelekea mkiani. Yanauvunja ule mstari na kuurudishia mwili unene.

Zinafuata hatua mbili ambazo bila hizo magamba yote yaliyohangaikiwa hayataonekana. Kwanza, rangi ya kahawia iliyokoza, imepunguzwa maji mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi, ipakwe kwa haraka sehemu ya mwili na kufutwa mara moja kwa kitambaa. Inabaki kwenye mifereji na kutoka kwenye vilele. Pili, brashi ichovywe kwenye rangi hafifu, ifutwe kwenye gazeti mpaka ikaribie kukauka, kisha ipitishwe juujuu kwa kukingama safu za magamba. Kila ukingo unashika chembe ya mwanga. Yote mawili yajaribiwe kwanza kwenye kipande cha trei kilichowekewa magamba yaleyale, kikakaa kando kwa ajili hiyo tangu mwanzo.

Nyekundu itumike mdomoni na kwenye matamvua pekee. Majini, mwanga mwekundu ndio wa kwanza kupotea, mita chache tu kutoka juu, kwa hiyo mwili mwekundu unaong'aa unamtoa zimwi kilindini na kumweka kwenye sarakasi.

Mng'ao uje mwisho, nao uwe wa uchoyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, alizipa rangi za mafuta zinazong'aa nafasi katika sanaa yetu, lakini yeye alipaka kwenye ubao ulio bapa. Kwenye mwili wenye mabonde na vilima, mng'ao wa kila mahali hutapakaza mwanga na kuonyesha kila kasoro. Rangi ya mafuta au vanishi iwekwe machoni, ndani ya mdomo, kwenye fizi na kwenye ngozi ya kichwa ile ya kambale. Mgongo ubaki umefifia. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya aonekane ametoka majini sasa hivi. Rangi ya mafuta inakaa juu ya rangi ya maji iliyokauka siku nzima; kinyume chake hubanduka.

Thina na vanishi vitumike nje, mbali na jiko la mkaa. Na kama sanamu itachezewa na watoto, fundi aulize dukani rangi isiyo na risasi na akatae makopo ya zamani yasiyo na lebo. Mpanda ilifikiwa na reli kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi enzi za ukoloni, kwa hiyo jina la madini hayo si geni mjini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi.

Anayekusudia kuuza nje ya Mpanda afikirie safari kabla ya kufunga waya wa kwanza. Sanamu ya sentimita 60 iliyojipinda haikai vizuri kwenye treni ya Tabora wala kwenye basi, ila kama shingo na mkia vinachomoka. Kipande cha bomba la plastiki mwilini na kijiti cha mbao kwenye shingo vinatosha, na kiungo kifichwe chini ya safu ya magamba makubwa. Sharubu na mapezi vifungwe kwa matambara, mwili uzungushiwe magazeti yaliyofinyangwa, vyote viingie kwenye boksi gumu na si kwenye gunia. Kila kazi ipigwe picha kwa pande nne na kuandikwa tarehe na jina la mtengenezaji chini ya ubao kwa rangi isiyofutika, na anayeifanya kuwa biashara ajisajili Baraza la Sanaa la Taifa. Mnunuzi apewe pamoja na sanamu kichupa kidogo cha rangi ya mgongo, miiba mitano ya akiba, na maelekezo ya mistari miwili: isikae juani moja kwa moja, na jino likidondoka libandikwe kwa gundi ya mbao, si kwa gundi ya haraka inayoacha doa jeupe.